Zulia Lililoandikwa Mara Tatu

Mbotela, Jumamosi jioni

Nyambura mwanangu,

Mambo ya soksi, chandarua, dawa ya tumbo na mtu wa kumpigia simu ukikwama njiani nimeyaandika kwenye karatasi nyingine. Iko kwenye mfuko wa kando wa mkoba wako, imekunjwa mara mbili. Barua hii si ya mambo hayo. Isome ukishafika Garissa, ukiwa umekaa.

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako Kariobangi, umeniachia nyumba na daftari zangu. Tangu utotoni umekuwa ukinicheka kwa ajili ya hizi shajara zilizojaa chini ya kitanda. "Mathe anaandika hadi saa mvua ilipoanza." Ni kweli, naandika. Leo nimetoa moja tu, ile ya jalada la kijani ambayo sijawahi kukuruhusu kuishika, kwa sababu ya maneno uliyosema jana tukila.

Nilikuuliza kazi yenyewe itakuwaje. Ukanionyesha kwenye simu. Shirika la dini limekuajiri kuzunguka kwenye nyumba za wakimbizi na kuangalia nani anastahili kusaidiwa na nani hastahili. "Siku hizi ni simu tu, Mathe. Unaingia, unagusa hapa, unagusa pale. Kitanda, ndiyo. Redio, ndiyo. Umemaliza. Nyumba kumi kwa siku." Nikauliza, na ukifanya nne? Ukacheka. "Nikifanya nne watanifuta."

Nilikuongezea sukuma wiki. Jibu langu ndilo hili, na ni refu.

Kazi hiyo niliifanya kabla yako, kwa kalamu na fomu. Ulikuwa na miaka tisa na baba yako alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Kanisa letu lilikuwa limefungua kituo kwa ajili ya Waoromo waliokimbia kwao Ethiopia wakapanga vyumba upande wa Eastleigh. Kulikuwa na darasa la Kiswahili la watoto, kliniki kila Alhamisi, cherehani za akina mama, na kifurushi cha unga, maharagwe na mafuta kwa familia zenye kadi. Nilianza kama mtu wa kujitolea, kupanga foleni ya kliniki. Mzee Karanja, mwenyekiti wa kamati, akaona mwandiko wangu, akasema nifanywe mtembeleaji wa nyumba.

Huku mtaani walinisema. Mama wa nyumba ya tatu aliniuliza mbele ya watu kwenye mfereji, "Mama Nyambura, hao wageni wanakula unga wa kanisa, na sisi tuliojenga hilo kanisa tunakula nini?" Mjomba wako Kimani alikuwa akija Jumapili na kuanza mlangoni: "Mwalimu wa Wahabeshi yuko? Kilemba bado hawajakuvika?" Nilijibu kila mmoja. Nilimwambia Kimani kwamba babu yetu mwenyewe alifika Nairobi bila blanketi, akalazwa na watu ambao hakujua lugha yao, na kama anataka kumcheka mgeni aanze na huyo. Hadi leo sijutii jibu hata moja kati ya yale. Nikueleze hili mapema, usije ukadhani kwamba ninayokuandikia ni majuto ya kuwahudumia wale watu. Ninachojutia ni jinsi nilivyowahudumia.

Fomu ilikuwa na sehemu ya mali ya nyumbani. Unaingia, unatazama, unaandika. Mimi nilijipangia dakika kumi na tano kwa kila nyumba. Nilivaa saa ya baba yako, ile kubwa iliyokuwa ikiteleza mkononi, na nilijivuna kwamba hakuna mtembeleaji aliyekuwa akileta fomu safi kama zangu.

Jumanne moja nilikwenda kwa Mama Hawi. Hawi unamjua. Wakati ule mlikuwa mkikaa dawati moja darasani kituoni siku za Jumamosi, nilipokuwa nikikwenda nawe, na ndiye aliyekufundisha kusuka nywele za mistari. Chumba chao kilikuwa kimoja, yeye na watoto watatu. Lakini nilipofungua pazia niliona zulia jekundu lenye maua ya manjano, limefunika sakafu yote. Juu yake sinia la shaba limeng'arishwa, vikombe sita vidogo visivyo na mkono, na birika jeusi la udongo. Mama Hawi alikuwa akikaanga buni kwenye jiko la makaa. Akanipepea moshi wake usoni ninuse, akaniwekea bakuli la bisi, akanimiminia kahawa kali sana. Nilikunywa kikombe kimoja, nikashukuru, nikatazama saa, nikainuka.

Akanishika mkono. "Bado. Bado mbili."

Nikadhani ni adabu tu, kama sisi tunavyomwambia mgeni akae kidogo huku tumeshamfungulia mlango. Nilikuwa na nyumba nyingine tano. Nilipotoka nilikuta Hawi amevigeuza viatu vyangu vikaangalia nje, ili nivivae bila kuhangaika.

Nakunakilia nilichoandika jioni ile kwenye shajara: "Mama Hawi, watoto watatu. Zulia kubwa, zuri kuliko chochote nilicho nacho. Kona moja imeungua, alama kama haragwe. Sinia la shaba. Vikombe sita, kimoja kina mstari wa kijani." Na kwenye fomu ya kituo niliandika maneno mawili: "Ana uwezo."

Kadi yao ilifutwa. Na kwa kuwa nafasi ya darasani ilitegemea kadi, Hawi naye alitoka.

Wiki mbili baadaye nilimtembelea Mama Ibsa, uwanja mwingine kabisa, mlango wa bati. Nikakuta zulia jekundu na sinia. Nikaandika. Sikufikiri lolote, nilidhani ni vitu ambavyo Waoromo hupenda kununua. Baada ya hapo nikaenda kwa Mama Kulani, na nilipokuwa nikivua viatu mguu wangu ukakanyaga mahali pagumu. Nikatazama chini. Alama ya kuungua, kama haragwe.

Sikumaliza hata kikombe kimoja. Nilirudi hapa nyumbani, nikafungua daftari hili la kijani, nikaweka kidole kwenye maneno yangu mwenyewe. Haragwe. Mstari wa kijani. Lilikuwa zulia moja. Vyumba vyote vile vilikuwa na zulia moja, sinia moja, vikombe sita, na vilikuwa vikitembea. Mgeni akitarajiwa kwa fulani, vyombo vinapelekwa kwa fulani, kwa sababu kwao kumkalisha mgeni juu ya simiti tupu ni aibu ambayo mtu mzima hawezi kuibeba. Walikuwa wamejua nakuja. Walinipa heshima yote waliyokuwa nayo mtaa mzima, nami nikaihesabu kuwa mali ya mtu mmoja.

Hilo lilikuwa kosa la kutojua, na labda ningeweza kuishi nalo. Lililofuata lilikuwa langu kabisa.

Nilinyamaza wiki saba. Fomu ya Mama Kulani niliipeleka ikisema vile vile, na kadi yake na ya Mama Ibsa zikafutwa kama ya Mama Hawi.

Mwezi ule ule Mzee Karanja alikuwa amenisifu mbele ya kamati. "Mama Nyambura ana jicho. Tangu aanze, hatudanganywi." Walikuwa wakizungumzia kuniajiri rasmi. Nilikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, na kila asubuhi nilijiambia nitasema Ijumaa. Nimezipitia kurasa zile leo mchana. Ukurasa baada ya ukurasa nimeandika habari za mvua, bei ya nyanya, jino lako lililong'oka. Hakuna mahali nimeandika jina Hawi. Mtu anayeandika kila kitu, mwanangu, anajua vizuri sana anachoacha.

Na wewe uliniuliza. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda hapo mlangoni, ukanyoosha shingo. "Mathe, Hawi yuko wapi? Mbona haji?" Nikakwambia wamehama. Ilikuwa kweli, walikuwa wamehamia chumba cha chini zaidi, upande wa Mathare, karibu na mto. Lakini nilikuambia nikijua kwa nini, na nikakuacha ufikiri kwamba rafiki yako ameondoka bila kukuaga. Kwa muda mrefu ulimkasirikia. Nilikuona ukimkasirikia, nikaendelea kumenya viazi.

Siku niliyokwenda kumtafuta sikuwa na ushujaa wowote, nilikuwa nimechoka tu kujiona. Nilimkuta Mama Hawi akifua nguo za watu nje ya mlango. Nilimweleza nikiwa nimesimama.

"Uliandika nini?" akauliza.

"Niliandika una zulia."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, mikono yenye povu tumboni, akamwita jirani yake kwa Kioromo, jirani naye akacheka. "Zulia! Zulia la Mama Roba! Lilikuwa la harusi ya binti yake!" Walicheka mpaka mimi nikaanza kutabasamu kama mjinga. Halafu akaacha ghafla.

"Ungeniuliza."

Nikasema sikujua.

"Ulikunywa moja ukaenda. Watu wetu hawaanzi na shida. Kikombe cha kwanza tunauliza habari. Cha pili tunazungumza watoto. Cha tatu ndiyo mtu anasema kile kinachomuuma. Mimi nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa cha tatu. Wewe ulikuwa na saa."

Nikamuuliza Hawi yuko wapi. Akarudi kwenye karai lake. Siku ile hakunikaribisha ndani wala hakunipa kahawa, na kwao hakuna tusi zito kuliko hilo. Nilistahili.

Jumatatu nilikwenda kwa Mzee Karanja na daftari mkononi. Nilitaka familia zile tatu zirudishiwe kadi.

Alinisikiliza kwa upole. Alikuwa mtu mpole, usimfikirie vinginevyo. "Mama Nyambura, ukimrudisha mmoja, kesho wote watasema vyombo ni vya kuazima."

"Ni vya kuazima, Mzee."

"Fomu haina sehemu ya kuazima."

"Basi fomu ni mbovu."

Hakupenda. Tangu siku hiyo niliacha wazi ile sehemu ya mali kwenye kila fomu niliyojaza, na kwenye kila nyumba nilikaa hadi birika likawekwa maji mara ya tatu. Nilikuwa nikileta fomu tatu kwa siku badala ya sita. Maneno yakaanza. Kwamba nimenunuliwa kwa kahawa. Kwamba Waoromo wananipa zawadi ndiyo maana naficha mali zao. Mwishowe kamati ikaniandikia kwamba itanitembelea nyumbani. Mimi! Mtembeleaji atembelewe, aangaliwe ametajirika kiasi gani. Habari ikafika hadi Eastleigh.

Siku ile unaikumbuka. Mpaka leo huwa unaisimulia kama sherehe, bisi zimejaa nyumba, wanawake wa shela wamejaa uwanjani. Haikuwa sherehe. Ndiyo siku niliyotaka kukueleza.

Asubuhi nilikuwa nikipiga deki niliposikia kelele nje. Mama Roba alikuwa akija katikati ya njia na zulia lake begani kama mtu aliyebeba gogo, na Mbotela nzima imetoka kutazama. Nyuma yake Mama Ibsa na sinia kichwani. Na nyuma kabisa, birika la udongo mikononi, Mama Hawi, ambaye sikuwa nimemwona tangu siku ya karai.

"Leo una wageni," akasema. Hakusema zaidi.

Niliogopa. "Mama Roba, wakiona zulia watasema ndiyo hongo yenyewe."

"Wageni wakae kwa simiti?" Mama Roba hakusubiri jibu. Alikuwa ameshasukuma meza yetu ukutani kwa nyonga.

Mzee Karanja alifika na wanakamati wawili. Alisimama mlangoni muda mrefu akitazama sakafu, kisha akavua viatu polepole.

"Mama Nyambura, zulia hili si lako."

"Si langu."

"Ni la nani?"

"Ni la Mama Roba, yule pale. Kwenye fomu zako ni la Mama Hawi. Pia ni la Mama Ibsa. Pia ni la Mama Kulani." Nikafungua daftari nikamsomea siku zote tatu, neno kwa neno, kisha nikamwomba ainame aangalie kona. Aliinama. Mzee wa kanisa, kwa magoti, akishika alama ya kuungua kwa kidole.

Hapo kitu kikanipanda, mwanangu, na sikukizuia. "Toa fomu, Mzee. Andika. Mama Nyambura, mjane, mtoto mmoja. Zulia jekundu. Sinia la shaba. Vikombe sita. Ana uwezo. Andika! Mbona kwa wale uliamini kalamu yangu?"

Mwanakamati mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mzee Karanja aligeuka kama anayetaka kutoka, lakini Mama Roba alikuwa ameketi mlangoni, na hakuna mtu aliyewahi kumruka Mama Roba. Wakakaa. Wakanywa cha kwanza, wakaulizwa habari za nyumbani kwao. Wakanywa cha pili, wakaulizwa watoto, na Mzee akajikuta akisimulia mwanawe aliye Nakuru asiyempigia simu. Kikombe cha tatu Mama Hawi alimpa yeye kwanza, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja hali ya hewa:

"Binti yangu wa kwanza ana miaka tisa. Leo yuko hotelini Eastleigh, anaosha vikombe. Vya watu wengine."

Wewe ulikuwa umekaa kwenye kona ya zulia na bisi mdomoni. Ulinigeukia. Sijui kama ulielewa. Nimekuwa nikiiogopa ile sura yako tangu siku hiyo.

Familia tatu zilirudishiwa kadi. Mzee Karanja hakuomba radhi, na mimi sikuajiriwa rasmi, nilirudishwa kupanga foleni ya kliniki, ambako nipo hadi leo. Sehemu ya mali iliendelea kuwapo kwenye fomu, kisha mwaka mmoja zikachapwa fomu mpya bila hiyo sehemu, na hakuna aliyesema kwa nini. Usinihurumie. Pale kwenye foleni hakuna mtu anayesimama hadi miguu ifure, kwa sababu nilipigania viti nikavipata, na nilimwambia kila daktari wa kujitolea kwamba hapa mgonjwa anaanza kwa salamu.

Hawi alirudi darasani, lakini kundi lake lilikuwa limeshapelekwa shuleni. Akangoja mwaka mwingine. Alikaa na watoto wadogo, akaona haya, akaacha akiwa darasa la saba. Leo ndiye anayewafundisha akina mama cherehani pale kituoni, na mkoba unaoondoka nao kesho ameushona yeye. Angalia mshono wa chini, ameupitisha mara mbili bila kuombwa. Kwa akili aliyokuwa nayo mtoto yule, ungeweza kuwa unaondoka kesho na yeye, kila mmoja na barua yake ya kazi. Mama yake hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijamuuliza. Tunakunywa kahawa kila mwisho wa mwezi.

Sasa unaweza kumwambia Hawi kwamba umejua hakukuacha kwa kupenda kwake. Ni mimi. Nilipaswa kukwambia miaka mingi iliyopita, na nimeliandika jambo hili hapa ili nisiweze kulifuta.

Huko Garissa sijui watu wanakunywa nini, wala mazungumzo yao huanza wapi na kufika kwenye jambo lenyewe saa ngapi. Hata wewe hujui, na hiyo simu haijui. Utakuta nyumba yenye godoro jipya ambalo ni la jirani. Utakuta nyumba tupu ya mtu aliyeficha vitu vyake kwa sababu amesikia unakuja, maana hao pia wapo, na hata wao wana sababu ambayo hutaipata ukiwa umesimama. Utaambiwa nyumba kumi. Jioni msimamizi wako atatazama nambari, na utakuwa na kodi ya kulipa na mama anayekutegemea. Najua uzito wake. Mimi uliniangusha wiki saba.

Ndiyo maana nakwambia sasa, kabla hujaanza, kile ambacho hakuna aliyeniambia. Sikudai kazi hiyo. Sikukusomesha ili uogope kufutwa. Kaa kwenye hizo nyumba mpaka watu wamalize kusema, na wakikufuta, wakufute.

Ukirudi nyumbani, Kimani atasema alijua. Majirani watasimama milangoni. Waache wasimame, walisimama kunitazama mimi na sikupungua. Hutapita kwa uchochoro wa nyuma na hutangoja giza. Utakuja kwa njia ya mbele, mchana, na mkoba wako wa Hawi begani.

Nitumie tu ujumbe siku moja kabla, nipate nafasi ya kwenda kwa Mama Roba kuazima zulia.

Mama yako